Dawa ya Magugu Ikifika Baharini: Jinsi Inavyodhoofisha Kinga ya Chaza

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, wakulima wa Ganze, Kaloleni, Rabai na Magarini hutayarisha mashamba yao. Wengine hushika jembe. Wengine hubeba bomba mgongoni na kunyunyiza dawa ya kuua magugu, kwa kuwa vibarua wa kupalilia ni ghali na msimu haumngoji mtu. Siku chache baadaye mvua hunyesha, maji huteremka mabondeni, na sehemu ya dawa ile huondoka shambani pamoja na udongo.

Maji hayo yana mwisho wake. Yale ya mto Rare huingia katika mkono wa bahari wa Kilifi. Yale ya mto Sabaki humwagika kaskazini mwa Malindi. Huko, kwenye miamba na mizizi ya mikoko, wanaishi chaza, kome na kombe ambao wakazi wa pwani huwaokota maji yanapokupwa, na ambao vikundi vya akina mama na vijana wanazidi kuwatazama kama mradi wa kuleta riziki.

Wengi hudhani kwamba dawa ikimfikia chaza na asife, basi haikumdhuru. Utafiti uliofanywa Ulaya kwa zaidi ya miaka 20 unaonyesha vinginevyo. Baadhi ya dawa za magugu humwacha chaza akiwa hai, ila hudhoofisha seli za damu zinazomlinda dhidi ya maradhi. Anapokuja kufa, hufa kwa bakteria au virusi, na mwenye chaza hulaumu joto, mvua au bahati mbaya.

Kiumbe kisichoweza kuhama

Chaza wa miamba wa pwani ya Kenya, ambaye wanasayansi humwita Saccostrea cucullata, hujibandika kwenye mwamba au mzizi wa mkoko akiwa bado mdogo sana, na hapo hubaki hadi mwisho wa maisha yake. Samaki akiona maji yamechafuka huogelea kwenda kwingine. Kaa hutembea. Chaza hana pa kukimbilia.

Zaidi ya hayo, chaza hula kwa kuchuja maji. Hufungua kombe lake, huvuta maji ndani, hunasa chembechembe za chakula kwenye mashavu yake, kisha huyatoa maji hayo nje. Chaza mmoja aliyekomaa anaweza kuchuja lita kadhaa kwa saa moja. Kilichomo majini, kiwe chakula, tope au kemikali, hupita mwilini mwake.

Tabia hiyo ndiyo inayowafanya wanasayansi wawatumie chaza na kome kama kipimo cha hali ya bahari. Nchini Marekani, mpango wa serikali wa kuchunguza uchafuzi wa pwani kwa kuwapima kome na chaza ulianza mwaka 1986. Badala ya kupima maji ya siku moja tu, ambayo kesho yatakuwa yameshahama, wachunguzi humpima kiumbe ambaye amekuwa akiyachuja maji hayo kwa miezi mingi.

Askari walio katika damu yake

Binadamu akiugua surua akapona, mwili wake huukumbuka ugonjwa huo. Ana seli zinazotengeneza kingamwili maalumu kwa kila adui, na chanjo hufanya kazi kwa sababu ya kumbukumbu hiyo. Chaza hana kingamwili za aina hiyo. Ulinzi wake hutegemea zaidi seli za damu ziitwazo hemosaiti.

Damu ya chaza si nyekundu. Inakaribia kuwa kama maji, na haikai ndani ya mishipa pekee, bali huzunguka hadi katikati ya nyama za mwili. Hemosaiti husafiri humo na kupenya kila mahali. Zikikutana na bakteria, huizunguka, huimeza na kuiyeyusha. Ndani ya hemosaiti mna vifuko vidogo viitwavyo laisosomu, vyenye vimeng'enya vikali vya kusaga kilichomezwa. Seli hizo pia hutoa kemikali kali za oksijeni zinazochoma viini vya maradhi.

Kazi yake haikomei hapo. Hemosaiti hufunga majeraha, hushiriki kukarabati kombe lililovunjika na husaidia kusafirisha chakula mwilini. Kwa hiyo zikidhoofika, chaza hupoteza askari na mafundi kwa pamoja.

Elimu ya seli zinazomeza viini ilianzia kwa viumbe wa baharini. Mwaka 1882, mwanasayansi Elie Metchnikoff alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza huko Messina, Italia, akaona seli zikiukusanyikia mwiba ule ili kuushambulia. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1908, akiigawana na Paul Ehrlich. Mengi ambayo madaktari wanayajua leo kuhusu kinga ya mwili wa binadamu yana mizizi katika kiumbe huyo mdogo wa pwani.

Dawa ya mmea yafanya nini kwa mnyama?

Swali hili huulizwa sana, nalo ni la haki. Dawa nyingi za magugu zimetengenezwa kulenga kitu kilichomo kwenye mmea na kisichomo kwa mnyama. Glifoseti, ambayo ni miongoni mwa dawa za magugu zinazotumika zaidi duniani, huzuia kimeng'enya ambacho mimea hukihitaji ili kutengeneza baadhi ya viini vya protini. Wanyama hawana kimeng'enya hicho. Atrazini na diuroni huzuia usanisinuru, yaani njia ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wanyama hawana usanisinuru.

Hata hivyo, kukosa shabaha kuu hakumfanyi mnyama awe salama, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, dawa inayouzwa dukani si kemikali moja. Huchanganywa na vitu vinavyofanana na sabuni ili ishike kwenye jani na kupenya. Sabuni huyeyusha mafuta, na utando unaozunguka kila seli hai umejengwa kwa mafuta. Kwa viumbe wa majini, vichanganyishi hivyo mara nyingine huwa vikali kuliko dawa yenyewe.

Pili, kemikali ngeni zikiingia mwilini, seli hulazimika kuzivunjavunja, na kazi hiyo inaweza kuzalisha kemikali za oksijeni kupita kiasi. Hemosaiti huzitumia kemikali hizo kama silaha. Zikizidi, humchoma mwenyewe aliyezibeba, zikaharibu utando wa seli na hata DNA. Watafiti wa Ufaransa wameonyesha kwamba diuroni inaweza kuharibu DNA ya chaza, pamoja na ile iliyo katika mbegu zake za uzazi.

Tatu, utando wa laisosomu ukidhoofika, vimeng'enya huvuja ndani ya seli. Hapo ni kama askari ambaye risasi zimemlipukia mfukoni.

Kuna pia madhara yasiyogusa seli moja kwa moja. Chaza hula vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hutegemea usanisinuru. Dawa inayozuia usanisinuru inaweza kupunguza chakula, na kiumbe mwenye njaa hana nguvu ya kupigana na maradhi.

Jinsi wanasayansi wanavyojua

Vipimo vyenyewe vinaeleweka. Mtaalamu hutoboa kombe au kulifungua kidogo, kisha huvuta damu kwa sindano kutoka kwenye msuli unaolifunga. Seli huhesabiwa kwa mashine inayozipitisha moja moja mbele ya mwanga, na idadi ya zilizo hai na zilizokufa hujulikana.

Ili kujua kama seli zinaweza kumeza, hupewa vishanga vidogo mno vinavyong'aa. Baada ya muda huangaliwa ni seli ngapi zimevimeza. Zikiwa nyingi, kinga iko macho. Zikiwa chache, imelala.

Ili kupima laisosomu, seli hutiwa rangi nyekundu ambayo huingia katika vifuko hivyo. Seli yenye afya huishikilia rangi kwa muda mrefu. Iliyodhurika huiachia haraka, na wekundu husambaa. Kipimo hiki kinaweza kuonyesha madhara mapema, chaza akiwa bado anafungua na kufunga kombe lake kama kawaida.

Funzo kutoka Ufaransa

Ghuba ya Marennes-Oléron, magharibi mwa Ufaransa, ni miongoni mwa maeneo makubwa ya ufugaji wa chaza barani Ulaya. Mto Charente humwagika huko baada ya kupita katika mashamba. Tangu miaka ya 1990, wafugaji wa chaza wa Ufaransa wamekuwa wakikumbwa na vifo vingi wakati wa kiangazi, yaani majira ambayo dawa za shambani huwa zimetumika na maji ya mito yameingia baharini.

Watafiti walitaka kujua kama viuatilifu vina mkono katika vifo hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walichukua mchanganyiko wa viuatilifu 8, vingi vikiwa vya kuua magugu, vikiwemo atrazini, diuroni na glifoseti. Walipozitia seli za chaza dawa hizo kwa muda mfupi maabara, hawakuona tofauti. Kama wangeishia hapo, wangesema hakuna tatizo.

Hawakuishia hapo. Waliwaweka chaza wazima katika maji yenye mchanganyiko huo kwa siku 7. Uwezo wa seli zao kumeza ulipungua. Kisha wakawaambukiza bakteria wa jamii ya Vibrio. Chaza waliokuwa wamekaa kwenye dawa walikufa kwa wingi kuliko wenzao waliokaa katika maji safi.

Matokeo hayo yana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba madhara yalijitokeza kwa kiumbe mzima na baada ya siku kadhaa. Kipimo cha haraka kiliyakosa. La pili ni kwamba aliyeua ni bakteria. Kilichofanywa na dawa ni kumpunguzia chaza uwezo wa kujitetea.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Vifo vikubwa vya chaza wachanga vilivyoikumba Ufaransa tangu mwaka 2008 vimehusishwa hasa na virusi vya jamii ya hepesi vinavyowashambulia chaza, si na dawa za shambani pekee. Joto, bakteria na maji matamu kupita kiasi navyo vina sehemu yake. Dawa ya magugu ni mzigo mmoja kati ya mizigo kadhaa. Tofauti ni kwamba binadamu hawezi kulizuia joto la kesho, lakini anaweza kuamua leo ataosha wapi bomba lake.

Kome wa Italia na lori la maji

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Padova nchini Italia, ulichapishwa mwaka 2018. Kome waliwekwa kwenye maji yenye glifoseti ya mikrogramu 10, 100 au 1,000 kwa kila lita, kwa muda wa hadi siku 21. Vipimo kadhaa vya seli zao za kinga vilibadilika.

Mikrogramu 100 ni kiasi gani? Lori la maji la lita 10,000 linaweza kusaidia kueleza. Gramu 1 tu ya glifoseti ikichanganywa katika lori zima, kila lita itakuwa na mikrogramu 100.

Sasa tazama bomba la mgongoni la lita 20 lililotiwa mililita 200 za dawa yenye gramu 360 za glifoseti kwa lita. Ndani yake mna gramu 72. Mkulima akimaliza kazi na kubakisha nusu lita, katika nusu lita hiyo mna karibu gramu 1.8. Akilisuuza bomba kijitoni, ametia majini dawa ya kutosha kufikisha kiwango hicho katika malori karibu mawili. Mtu mmoja si kitu. Bonde zima likifanya hivyo wiki moja, ni habari nyingine.

Je, bahari haiisafishi?

Bahari ni kubwa na huzimua mengi. Lakini chaza haishi katikati ya bahari. Huishi ukingoni, mahali ambapo maji ya mto hukutana na maji ya chumvi kabla ya kuchanganyika vizuri, na ambapo tope la mafuriko hutulia.

Glifoseti hushikamana na udongo, hivyo husafiri pamoja na tope. Na tope lina giza. Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2014 walipima muda ambao glifoseti huchukua kupungua hadi nusu katika maji ya bahari. Kwenye mwanga hafifu na joto la nyuzi 25, ilichukua siku 47. Gizani kwenye joto hilohilo, ilichukua siku 267. Gizani kwenye nyuzi 31, siku 315. Joto la nyuzi 25 hadi 31 si geni kwa maji ya pwani ya Kenya, na maji ya Sabaki wakati wa mafuriko huwa mekundu kwa udongo.

Atrazini ina tabia nyingine. Haishikamani sana na udongo, hivyo huteremka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Hiyo ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni kwa uamuzi wa mwaka 2004. Kwa wakazi wa Mida jambo hili lina uzito wake. Mida haina mto wa kudumu unaoingia humo. Maji matamu huifikia kwa kupenya chini ya ardhi, kwenye miamba ya matumbawe. Kutouona mto si kusema hakuna njia.

Sabaki nao hauanzii Kilifi. Maji yake hutoka nyanda za juu karibu na Nairobi, yakapitia Ukambani na Tsavo kabla ya kufika Malindi. Kwa hiyo wajibu wa kuulinda mdomo wa mto huo ni wa kaunti nyingi. Rare, kinyume chake, uko karibu na nyumbani, na yanayofanywa kando yake yako mikononi mwa wakazi wenyewe.

Rangi ya lebo isikudanganye

Vifurushi vingi vya dawa za shambani huwa na ukanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, njano ni ya madhara ya wastani, buluu ni ya tahadhari, na kijani ni ya hatari ndogo. Wakulima wengi hujua hivyo na huchagua kijani kwa nia njema.

Lakini rangi hiyo inahusu hatari ya papo hapo kwa binadamu anayeishika, kuivuta au kuimeza dawa hiyo. Haielezi lolote kuhusu samaki, kaa au chaza. Dawa ya ukanda wa kijani inaweza kuwa na onyo la kutoitumia karibu na maji, limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Soma maandishi yote. Asiyeweza kuyasoma amwombe mwenye duka amsomee kabla ya kulipa. Pia, hakikisha lebo ina namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB. Dawa isiyo na namba hiyo, au iliyopimwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda, haifai kununuliwa.

Je, chaza bado ni salama kuliwa?

Yaliyoelezwa hapa yanahusu afya ya chaza mwenyewe. Hayasemi kwamba chaza wa Kilifi wana sumu. Hatari inayojulikana zaidi kwa mlaji ni viini vya maradhi, na chaza ambaye kinga yake imedhoofika si mtu wa kuaminiwa katika kuvizuia. Kanuni za jikoni ni zilezile. Kabla ya kupika, mtupe chaza aliyefunguka na asiyejifunga akigongwa. Chemsha hadi makombe yafunguke, kisha endelea kuchemsha kwa dakika nyingine 3 hadi 5. Asiyefunguka baada ya kupikwa, usimle. Kula chaza mbichi ni kujitafutia taabu, hasa baada ya mvua kubwa.

Ushauri kwa mkulima

Hakuna anayemtaka mkulima aache shamba limezwe na magugu. Yafuatayo yanaweza kufanywa bila kupunguza mavuno:

- Tazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya kunyunyiza. Mvua ikitarajiwa siku hiyo, ahirisha. Dawa ikisombwa, magugu hayafi na pesa zimepotea.
- Acha ukanda wa nyasi na miti kando ya mto. Kanuni za maji nchini hutaka ukanda huo usipungue mita 6, na unaweza kufika mita 30 kulingana na upana wa mto. Nyasi hunasa tope kabla halijaingia majini.
- Tengeneza dawa inayotosha tu. Ikibaki, inyunyize shambani, si mtoni wala mtaroni.
- Suuza chupa tupu mara 3 na umimine maji hayo ndani ya bomba yatumike shambani. Kisha itoboe ili isitumike tena kubebea maji, maziwa au mnazi.
- Usiliosheé bomba mtoni, kisimani wala bwawani.
- Usichanganye dawa tofauti katika bomba moja isipokuwa lebo inaruhusu.
- Punguza kazi ya dawa. Kunde zikipandwa kati ya mistari ya mahindi hufunika ardhi na kunyima magugu mwanga. Matandazo ya majani makavu hufanya hivyo pia, na huhifadhi unyevu. Palizi ya mapema, magugu yakiwa madogo, huchukua muda mfupi kuliko ya kuchelewa.

Ushauri kwa wavuvi na wafugaji wa chaza

- Wanaoweka vichanja au kamba za kufugia wachague mahali palipo mbali na mdomo wa mto au mtaro unaotoka mashambani, penye maji yanayobadilishwa vizuri na kujaa na kupwa.
- Baada ya mafuriko, ngojeni maji yatakate kabla ya kuvuna.
- Wekeni daftari. Andikeni tarehe ya mvua kubwa, rangi ya maji, na idadi ya chaza waliokufa. Daftari la misimu mitatu linaweza kuonyesha kitu ambacho macho ya siku moja hayakioni.
- Mkiona makombe mengi yamefunguka na hayajifungi yakiguswa, toeni taarifa siku hiyohiyo kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, na kwa afisa wa uvuvi. Chukueni chaza wachache walio dhaifu lakini bado hai, muwaweke kwenye barafu wasiguse maji yake, ili wapelekwe kuchunguzwa. Aliyekufa na kuoza hawezi tena kueleza alichougua.
- Waliokufa wasiuzwe wala kuliwa.

Jukumu la wote

Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limezipa kaunti majukumu ya kilimo, na ndani yake umo uvuvi. Shamba na bahari viko chini ya paa moja, na hivyo ndivyo inavyopasa kuvitazama. Mkulima wa Ganze na mama anayeokota chaza Kilifi huenda wasikutane maisha yao yote, ilhali maji ni yaleyale.

Mkulima anayetaka kujua dawa ifaayo, kipimo chake au njia nyingine ya kupambana na magugu amwone afisa wa kilimo wa wadi yake kabla ya msimu kuanza. Kikundi kinachotaka kuanza ufugaji wa chaza kimwone afisa wa uvuvi kabla ya kupigilia mti wa kwanza. Ushauri huo hutolewa bila malipo, na wakati mzuri wa kuutafuta ni sasa, ardhi ikiwa bado kavu na bomba likiwa bado ghalani.